Kufumua na Kusuka Upya: Remiksi kama Chuo cha Watayarishaji wa Singeli Jijini Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Katika maelezo mengi kuhusu singeli, mtayarishaji wa muziki huchorwa kama kijana aliyejifundisha mwenyewe: ana kompyuta kuukuu, chumba kidogo cha uswahilini, na kipaji. Maelezo hayo yana ukweli wake, kwa kuwa hakuna darasa rasmi lililomfundisha. Hata hivyo, yanaficha jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Mtayarishaji huyo alikuwa na walimu, nao walikuwa wa aina mbili: watu aliokaa nao mbele ya kioo kimoja cha kompyuta, na nyimbo za watu wengine ambazo alizifumua ili azisuke upya. Makala haya yanadai kwamba remiksi ndiyo iliyokuwa chuo cha singeli, na kwamba kuiita elimu hiyo "kujifundisha mwenyewe" kumechangia kufuta majina ya walimu wa aina zote mbili.

2.0 Mwanamuziki na Mtambo

Kwa miongo kadhaa mwanamuziki wa Tanzania Bara alitengwa na mtambo wa kurekodia. Studio kuu ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), ambako bendi ilipiga na fundi mitambo akarekodi. Kazi hizo mbili hazikuchanganywa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua kabla ya kuondolewa katika miaka ya 1990. Kwa hiyo, wakati ambapo vijana wa miji mingine duniani walikuwa wakiunganisha vinanda na kompyuta kwa njia ya MIDI, iliyoanza mwaka 1983, kijana wa Dar es Salaam hakuwa na cha kuunganisha.

Studio binafsi za miaka ya 1990, zikiwemo Mawingu, Don Bosco, MJ Productions na Bongo Records, zilibadili hali hiyo kwa kiasi fulani tu. Zililea kizazi cha kwanza cha watayarishaji wa Bongo Fleva, lakini muda wa studio ulikuwa fedha, na msanii mchanga alilipia kuingiza sauti, si kuuliza maswali. Ujuzi ulibaki kwa mwenye mashine. Pembeni ya studio hizo, wapigaji wa mchiriku walikuwa wameshatumia vinanda vidogo vya Casio kwa namna ambayo watengenezaji wake hawakuikusudia, wakivipitisha kwenye vikuza sauti vibovu hadi vikakoroma. Wasomi wa Bongo Fleva wamewataja wapigaji hao kwa uchache mno. Huo ni upungufu, kwa sababu singeli ilirithi kutoka kwao tabia ya kukitumia chombo cha bei ndogo hadi kifikie ukomo wake.

3.0 Gridi ya Vijisanduku Kumi na Sita

Programu ya FruityLoops ilitolewa na kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji mwishoni mwa mwaka 1997, ikabadilishwa jina kuwa FL Studio mwaka 2003. Uso wake wa mwanzo ulikuwa safu ya vijisanduku 16 kwa kila sauti: ukibonyeza kijisanduku, ngoma inalia mahali hapo, ukikiacha, kunakuwa kimya. Asiyejua kusoma nota anaweza kuona mdundo wote kwa jicho moja. Nakala nyingi zilizozagaa mitaani hazikuwa na leseni, na hilo halina haja ya kufichwa, kwa kuwa ni sehemu ya historia yenyewe. Nakala halali ya majaribio humruhusu mtumiaji kuhifadhi kazi, lakini haimruhusu kuifungua tena bila kulipia. Kwa mtu anayejifunza kwa kurudia jambo moja kila jioni, kizuizi hicho ni sawa na kufukuzwa shule.

Programu huja na mazoea ya walioitengeneza. Kasi ambayo FruityLoops ilifunguka nayo ilifaa muziki wa densi wa Ulaya. Singeli huenda kwa mapigo kati ya 200 na 300 kwa dakika. Watengenezaji hawakuifikiria Manzese walipoweka ukomo wa kasi kuwa mapigo 522 kwa dakika, lakini waliacha mlango wazi, na vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati wakaingia.

Waliingia wakiwa na taarab mkononi. Katika vigodoro, yaani sherehe za mitaani zinazokesha, madijei walizoea kuchukua sehemu za nyimbo za taarab ya kisasa ambazo hazina mwimbaji, wakaziharakisha, na MC akaghani juu yake. Uchaguzi huo ulikuwa na sababu ya kiufundi. Nyimbo za taarab ni ndefu, na vipande vyake vya vinanda hupigwa peke yake kwa muda wa kutosha kukatwa bila kuchukua sauti ya mtu. Aidha, hadhira ilikuwa inazijua tayari.

Zoezi hilo linastahili kuelezwa kwa kina, kwani ndani yake mna mtaala mzima. Mwanafunzi huanza kwa kutafuta kipande cha kukata. Akikosea mwanzo au mwisho wake kwa sehemu ndogo ya sekunde, kipande kitachechemea kila kinaporudi, na kwa kuwa kinarudi mara mia moja, kosa haliwezi kujificha. Hapo sikio hujifunza kuhesabu. Kisha anaongeza kasi. Sauti iliyorekodiwa ikiharakishwa bila kurekebishwa, hupanda kimo pia. Ikifikishwa mara mbili ya kasi yake, hupanda oktavu nzima. Programu zina zana za kutenganisha kasi na kimo, lakini nazo huacha makovu katika sauti, na mwanafunzi hulazimika kuchagua kovu atakalolivumilia. Kinanda kilichopandishwa huwa chembamba kama filimbi. Besi yake inatoweka, na sehemu yote ya chini ya muziki inabaki tupu. Utupu huo ndio unaomfundisha mpangilio: ni lazima aujaze kwa ngoma na besi zake mwenyewe. Alianza kama mtu anayeharakisha wimbo wa mwingine, sasa anatunga. Mpaka kati ya remiksi na utunzi, ambao sheria na uhakiki huuchora kwa mstari mnene, kwake ulivukwa katikati ya zoezi, pengine bila yeye kuutambua.

Baadhi yao hawakuanzia FruityLoops bali Virtual DJ, programu ya kuchezea nyimbo zilizokwisha kutengenezwa, ambayo waliitumia kutengeneza. Mwanahistoria anayepanga zana kwa madaraja, ya kupiga upande huu na ya kutunga upande ule, atapotoshwa hapa.

4.0 Kioo Kimoja, Watu Wengi

Ushahidi kwamba elimu hii haikuwa ya mtu mmoja mmoja umo katika kazi zenyewe. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotokana na studio moja ya Mburahati. Majina yaliyomo ni mengi kuliko mashine ambazo chumba cha namna hiyo kingeweza kubeba. Kutoka katika duru hiyo zilifuata Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018 na Mateso ya Sisso mwenyewe mwaka 2019. Studio ya Pamoja nayo ilimtoa Duke, ambaye albamu yake Uingizaji Hewa ni ya mwaka 2019. Msikilizaji makini atasikia katika kazi hizi ngoma zinazofanana na namna moja ya kukata vipande, kama vile wanafunzi wa fundi seremala mmoja wanavyofanana katika kuunga mbao.

Mitihani ya chuo hicho ilifanyika kigodoro. Kazi iliyokamilika jioni ingeweza kupelekwa kwenye sherehe usiku uleule ikiwa ndani ya flashi, na hukumu ilitolewa na miguu. Sherehe hizo zimelaumiwa na viongozi kwa sababu za maadili na kupigwa marufuku zaidi ya mara moja. Ni haki kuzijadili kimaadili. Lakini anayeandika historia ya elimu ya muziki akiishia hapo tu, atakuwa ameufunga ukumbi wa mitihani bila kusoma majibu ya watahiniwa.

5.0 Nani Anatajwa

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamtaka anayegeuza kazi ya mwingine apate idhini ya mwenye haki. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya mazoezi yaliyoelezwa hapo juu haikuwa halali. Watetezi wa singeli hujibu kwamba kuazima ni desturi ya ngoma za pwani. Jibu hilo ni rahisi kupita kiasi. Ngoma iliyoazimwa kutoka mtaa wa pili ilipigwa upya na mikono mingine. Kipande kilichokatwa kimebeba vidole vya mpigaji aliyelipwa, au aliyepunjwa, siku ile ya kurekodi.

Hata hivyo, kumwita mwanafunzi mwizi nako hakutoshi. Katika taarab yenyewe Khadija Kopa anajulikana nchi nzima, ilhali wapiga vinanda waliomsindikiza wanajulikana na wachache. Walikuwa wameshafutwa kabla kompyuta haijawagusa. Mtayarishaji wa singeli aliyekata vidole vyao bila kuwataja alirudia ufutaji alioukuta, kisha naye akapatwa nao: biti yake huenda mjini kwa jina la MC, na kimataifa huenda kwa jina la lebo au la mtindo. Ndiyo sababu desturi ya kutamka jina la studio mwanzoni mwa wimbo isichukuliwe kuwa majigambo tu. Ni saini iliyowekwa ndani ya sauti na mtu anayejua, kwa kuwa yeye mwenyewe amefanya hivyo, jinsi ilivyo rahisi kukata sauti na kuacha jina.

Mtafiti atakayetaka kurudisha majina hayo atategemea mafaili kuliko karatasi, na mafaili hayo yana udhaifu wa pekee. Faili la kazi la FL Studio kwa kawaida halibebi sauti zilizokatwa. Hubeba mpangilio wake na anwani za mahali zilipo katika kompyuta ile. Kompyuta ikifa, au ikiuzwa, mtunza nyaraka atakayepokea faili hilo peke yake atafungua gridi iliyokamilika, kila pigo likiwa mahali pake, bila sauti yenyewe. Kitakachobaki ni majina ya folda na ya vipande yaliyoandikwa kwa haraka na mwanafunzi siku alipovikata, na huenda hapo ndipo mahali pekee ambapo wimbo wa taarab uliofumuliwa umetajwa kwa jina lake.