Krismasi katika vitabu vya katuni

Krismasi katika vitabu vya katuni ni desturi ya wachapishaji kutoa, kila mwisho wa mwaka, toleo lenye jalada la sikukuu au hadithi inayotokea wakati wa Krismasi. Desturi hii ilikua hasa nchini Marekani na Uingereza kuanzia miaka ya 1930 na 1940. Alama zake zinajulikana: theluji juu ya mapaa, mti uliopambwa, na Baba Krismasi mwenye ndevu nyeupe akibeba mfuko wa zawadi. Hata hivyo jalada na hadithi iliyomo ndani havifanyi kazi moja. Jalada lilikusudiwa kuuza. Hadithi, pale mwandishi alipopewa nafasi, mara nyingi iliuliza ni nani aliyekosa sikukuu na kwa nini.

Asili

Umbo la Baba Krismasi lilienea kwa michoro ya magazeti kabla vitabu vya katuni havijakuwepo. Mchoraji Thomas Nast, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alimchora katika gazeti la Harper's Weekly, toleo la tarehe 3 Januari 1863. Nchi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mzee huyo alionekana akigawa zawadi katika kambi ya wanajeshi wa Kaskazini, amevaa nguo zenye nyota na milia ya bendera. Kwa hiyo mchoro huo wa sikukuu ulikuwa pia mchoro wa siasa. Nast aliendelea kumchora kwa zaidi ya miaka 20.

Vitabu vya katuni vilipoenea katika miaka ya 1930, maduka makubwa ya Marekani yaliona kwamba kitabu cha bure huwavuta wazazi wenye watoto. Mwaka 1939 kampuni ya Montgomery Ward iligawa kijitabu cha Rudolph, mnyama mwenye pua nyekundu anayekokota gari la Baba Krismasi, kilichoandikwa na mfanyakazi wake Robert L. May. Mwaka 1940 kilitoka kijitabu cha Superman cha Krismasi, nacho kikagawiwa madukani. Kampuni ya Dell ilianza kutoa Santa Claus Funnies mwaka 1942. Baadhi ya kurasa zake zilichorwa na Walt Kelly, ambaye baadaye alijulikana kwa katuni ya Pogo. Rudolph naye alipata kitabu chake cha katuni kila mwaka kuanzia 1950.

Tarehe za majalada

Msomaji wa leo anayetafuta katuni za Krismasi za zamani hushangaa kukuta zimeandikwa Januari, Februari au hata Machi. Hilo si kosa la uchapaji. Wachapishaji wa Marekani waliandika jaladani mwezi wa mbele, ili muuza magazeti asiliondoe toleo kibandani mapema akidhani limepitwa na wakati. Toleo la "Februari" liliweza kuuzwa Desemba. Anayepanga orodha kwa kufuata tarehe ya jaladani bila kujua jambo hili atadhani Wamarekani walisherehekea Krismasi kwa kuchelewa.

Hadithi mashuhuri

Will Eisner, mtoto wa wahamiaji Wayahudi wa New York, alianza kuchora The Spirit mwaka 1940 kama nyongeza ya magazeti ya Jumapili. Mara nyingi aliandika hadithi ya Krismasi. Katika hadithi hizo mpelelezi mwenyewe hukaa kando, na mhalifu au mtu aliyekata tamaa hubadilishwa na siku yenyewe, bila ngumi wala bastola.

Carl Barks aliyechora hadithi za bata Donald alimleta duniani mjomba wake, bahili Scrooge McDuck, katika hadithi ya Krismasi iliyotoka Desemba 1947. Jina hilo lilitokana na bahili wa kitabu cha Charles Dickens cha mwaka 1843. Scrooge anampa Donald nyumba yake ya mlimani kwa sikukuu, huku akipanga kujivika ngozi ya dubu ili apime ujasiri wake. Wakati huo dubu wa kweli wamekwisha kuingia.

Hadithi ya Barks iliyo bora zaidi katika kundi hili ni A Christmas for Shacktown, yenye tarehe ya Januari 1952. Wapwa watatu wa Donald wanapita katika mtaa wa mabanda na kuwaona watoto wenzao wasio na chochote. Wanataka kuwafanyia karamu yenye bata mzinga na treni ya kuchezea. Scrooge yuko tayari kuchangia chakula, lakini treni anaiona upuuzi: mtoto maskini ale, asicheze. Ubishi huo ndio moyo wa hadithi, na Barks hamhubirii msomaji. Anaiachia ghala ya fedha ya Scrooge itumbukie chini ya ardhi kwa uzito wake, mahali ambapo fedha haziwezi kutolewa ila kwa treni ndogo ya kuchezea. Watoto wanapata karamu yao.

Hadithi ya Batman ya mwaka 1970, iliyoandikwa na Mike Friedrich na kuchorwa na Neal Adams, ina kurasa nane tu. Kamishna wa polisi anamwalika Batman kuimba nyimbo za Krismasi pamoja na askari, naye anaimba usiku kucha akisubiri taarifa ya uhalifu ambayo haiji. Jalada la toleo hilo, namba 219, halina dalili yoyote ya sikukuu. Anayekusanya majalada peke yake ataikosa.

Mgogoro wa mwaka 1953

Si kila jalada lilipokewa kwa furaha. Kampuni ya EC, iliyosifika kwa hadithi za kutisha, ilitoa toleo la The Vault of Horror lenye tarehe ya Februari–Machi 1954 ambamo muuaji amevaa nguo za Baba Krismasi. Desemba 1953 kampuni hiyo ilianza kuuza jarida la Panic, ambamo mchoraji Will Elder alilifanyia mzaha shairi maarufu la mkesha wa Krismasi. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Massachusetts alilishutumu, na jarida likaondolewa sokoni katika jimbo hilo. Mmiliki wa EC, William Gaines, alikuwa mtoto wa Max Gaines, ambaye miaka ya 1940 alichapisha hadithi za Biblia kwa picha. Mwaka 1954 Seneti ilichunguza vitabu vya katuni na athari zake kwa vijana, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali. Baada ya hapo Baba Krismasi wa majaladani alibaki mpole kwa miaka mingi.

Uingereza

Nchini Uingereza majarida ya The Dandy (1937) na The Beano (1938) ya kampuni ya DC Thomson ya Dundee yalichora theluji juu ya herufi za jina la jarida na kumalizia hadithi kwa meza iliyojaa chakula. Muhimu zaidi ni vitabu vya mwaka vyenye jalada gumu, vinavyotoka kabla ya Krismasi ili vinunuliwe kama zawadi.

Afrika Mashariki

Katuni za Kiswahili zilikulia katika magazeti na majarida kuliko katika vitabu. Juha Kalulu wa Edward Gitau alianza nchini Kenya miaka ya 1950 na kudumu kwa miaka mingi katika Taifa Leo. Chakubanga wa Christian Gregory alijulikana kupitia gazeti la Uhuru la Tanzania. Jarida la Sani, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo mwishoni mwa miaka ya 1970, lilileta wahusika kama Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Nchini Kenya mfululizo wa Pichadithi wa miaka ya 1980 ulichagua hadithi za jadi. Magazeti na majarida haya husomwa na Wakristo na Waislamu pamoja, na neno "sikukuu" hutumika kwa Krismasi na kwa Idi vilevile.

Mchoraji wa huku ana mambo yake ya kuchora, wala hahitaji theluji. Katika Nyanda za Juu za Kusini Krismasi huangukia katikati ya mvua na kilimo cha mahindi. Mtoto wa Ndalambo, wilayani Momba, huiona sikukuu katika nguo mpya, kuku aliyechinjwa, wali, na ndugu wanaoshuka kwenye basi kutoka Tunduma wakiwa na matope miguuni. Kituo cha mabasi cha mwezi Desemba, chenye abiria wengi kuliko viti na mabishano ya nauli, kinatosha kwa kurasa nzima. Nyuma yake kuna Januari, yenye sare na madaftari ya shule ya kununua, nayo humkumbusha mzazi hesabu zake hata kabla pilau haijapoa.