Antioksidanti za mimea, upimaji wa athari za homoni

Uchunguzi wa kubaini kama kemikali za mimea zinazokinga seli zisiharibiwe na oksijeni huvuruga pia homoni. Mfano ulio karibu na wakazi wa Kahe, tambarare iliyo kusini mwa Mlima Kilimanjaro, ni soya, ambayo nchini Tanzania huchanganywa sana katika unga wa uji wa lishe. Jenisteini iliyomo ndani yake ni antioksidanti, lakini umbo lake hukaribia la estrojeni kiasi cha kushika vipokezi vya homoni hiyo.

Kazi huanzia kwenye seli za maabara. Kisha panya majike wachanga, au walioondolewa ovari, hupewa kemikali kwa siku zisizopungua tatu na mji wa mimba hupimwa uzito; ukiongezeka, hiyo ni dalili ya estrojeni. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) lilipitisha utaratibu huu mwaka 2007, na ule wa homoni za kiume mwaka 2009. Matokeo ya panya, hata hivyo, hayahukumu bakuli la uji: dozi ndiyo huamua. Wala hofu si ya bure. Miaka ya 1940, kondoo wa Australia Magharibi waliochungwa kwenye klova, majani ya malisho yenye kemikali zinazofanana na estrojeni, walishindwa kuzaa.