Mafundo ya Newala na Somo la Aljebra

Mwaka 1906, Vita vya Majimaji vikiwa bado havijazimika kabisa, mtafiti Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi na Newala akikusanya habari za Wayao, Wamakua na Wamakonde. Miongoni mwa vitu alivyovieleza ni kipande cha kamba chenye mafundo 11, kalenda ya msafiri wa Kimakonde. Kabla ya kuondoka, mume alimkabidhi mkewe kamba hiyo na kumweleza: fundo la kwanza ni leo, la tano ndiyo siku ya kufika, la sita anashinda huko, la saba anaanza kurudi, la kumi na moja yuko nyumbani. Mke alifungua fundo moja kila siku, na likifika la kumi alijua apike. Hoja yangu ni kwamba kamba hiyo inafaa kumwingiza mtoto wa shule ya msingi katika aljebra kuliko herufi x iliyoandikwa ubaoni bila maelezo.

Tuitazame kwa karibu. Mafundo 11 yana nafasi 10 kati yake, yaani siku 10 tangu kuondoka hadi kurejea. Mwalimu awape wanafunzi kamba na kuwaambia mambo mawili tu: kati ya kufika na kuanza kurudi zilipita siku mbili, na mwendo wa kwenda ulikuwa sawa na wa kurudi. Je, kwenda kulichukua siku ngapi? Mtoto ataondoa nafasi mbili za katikati, zibaki nane. Kisha atazigawa sawa kwa sawa, apate nne. Hapo amekwisha kutatua mlinganyo 2x + 2 = 10 kwa vidole vyake, naye anajua kwa nini mbili hutolewa kwanza ndipo zilizobaki zigawanywe.

Msomaji makini atasema kwamba huko ni kuhesabu tu, na kwamba mke wa msafiri hakuhitaji aljebra. Ni kweli, wala sidai kwamba Wamakonde waliivumbua. Lakini al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad katika karne ya 9, naye hakutumia alama. Alieleza kila kitu kwa maneno, na sehemu kubwa ya kitabu chake ilihusu mirathi. Kiini cha aljebra ni kuitafuta namba iliyofichika kwa kufuata uhusiano wake na namba zinazojulikana. Kuhesabu hugeuka aljebra pale njia ile ile inapofaa kwa jambo jingine. Magunia mawili ya korosho yenye uzito sawa, pamoja na kilo 10 za ziada, yana kilo 170. Kila gunia lina kilo ngapi? Mwanafunzi aliyeshika kamba ataondoa 10, atagawa kwa mbili, apate 80. Safari na mizani vimekuwa swali moja.

Wengine watakumbusha kwamba mbinu mpya zilishajaribiwa. Kuanzia 1962 wataalamu wa Kiafrika, Kimarekani na Kiingereza walikutana Entebbe kuandika vitabu vya hisabati mpya kwa shule za Afrika, na baadaye mkondo huo ukaachwa. Lakini hisabati mpya ilitanguliza lugha ya seti na kanuni za jumla, mtoto akatakiwa kuvuna asichopanda. Kamba inakwenda kinyume chake: kitu mkononi kwanza, kisha maneno, alama mwisho. Na tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule za msingi Tanzania, hivyo hatua hiyo ya maneno mtoto anaweza kuipitia kwa lugha anayoielewa.

Shule zimekuwapo Masasi tangu Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alipowafikisha huko watumwa walioachwa huru kutoka Unguja mwaka 1876. Katika muda wote huo, hesabu za wenyeji zimebaki katika vitabu vya watafiti badala ya kuingia darasani. Darasa likiwa na wanafunzi wengi, kamba haigharimu kitu, na watoto watano wanaweza kushirikiana moja. Walimu wa Masasi na Newala, fungeni mafundo kwanza; x iandikwe ubaoni pale watoto watakapokuwa wameshaipata wenyewe.