Kungoja au Kuwahi: Historia ya Tiba ya Mapema ya VVU

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, mwaka uleule ambao Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walichapisha habari za kirusi kilichokuja kuitwa VVU. Kwa kuwa waliofika hospitalini walikuwa wamekwisha kudhoofika, ugonjwa huo ulifahamika kwanza kwa mwisho wake, na mwanzo wake ukabaki umefichika.

Mwanzo huo huitwa maambukizi ya awali, yaani wiki chache baada ya virusi kuingia mwilini, ambapo wengi hupata homa, maumivu ya koo, vipele au tezi zilizovimba, dalili ambazo Afrika Mashariki hudhaniwa kwa urahisi kuwa malaria. Vipimo vya haraka hutafuta kingamwili, protini ambazo mwili huzitengeneza ili kupambana na virusi, na kwa kuwa bado hazijatosha, majibu huweza kuonyesha kwamba mtu hana maambukizi wakati damu yake imejaa virusi. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa hatari ya kumwambukiza mwenza huwa kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo ya maambukizi. Mwingine, uliofanyika Kenya, Tanzania, Uganda na Thailand kwa kupima damu kidogo mara mbili kwa wiki, ulibaini kwamba virusi hufikia kilele takriban wiki mbili baada ya kuonekana katika damu, kisha hushuka.

Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, lakini ilipotumiwa peke yake virusi viliizoea. Mwaka 1995 daktari David Ho alihimiza tiba ianze mapema na kwa nguvu, na mwaka uliofuata mchanganyiko wa dawa tatu ulithibitisha uwezo wake. Hata hivyo vidonge vingi, ganzi ya miguu na kukonda kwa uso viliwafanya wataalamu warudi nyuma. Tanzania ilipoanza kutoa dawa bure mwaka 2004, kigezo kikuu kilikuwa seli za kinga ziitwazo CD4 kushuka chini ya 200, hivyo mwenye 350 mara nyingi alirudi nyumbani na antibiotiki iitwayo septrini pamoja na tarehe ya kupimwa tena.

Shirika la Afya Duniani lilipandisha kigezo hicho hadi 350 mwaka 2010 na 500 mwaka 2013, kisha likakifuta mwaka 2015, baada ya utafiti wa START, uliohusisha watu 4,685 katika nchi 35, kuonyesha kuwa kuanza mapema kulipunguza magonjwa makubwa na vifo kwa zaidi ya nusu. Kenya, Uganda na Tanzania ziliufuata utaratibu huo mwaka 2016. Tiba ya mapema haiviondoi virusi vyote, kwani baadhi hujificha ndani ya seli tangu siku za mwanzo, ila hupunguza akiba ya virusi hivyo vilivyojificha na kuilinda kinga. Kwa hiyo, sasa ambapo dawa haingoji tena kinga ishuke, anayesubiriwa ni mgonjwa mwenye homa isiyo ya malaria, ambaye hupaswa kurudia kipimo hata kama cha kwanza hakikuonyesha kitu.