Maji ya Kisima na Maji ya Ruvu

Mhariri aliniomba historia ya mji wetu. Habari za magavana na majumba ya Posta zimekwisha kuandikwa na wanaozijua kuliko mimi, kwa hiyo nitaeleza habari za maji, maana katika hizo nina deni la tangu kidato cha tatu.

Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga hapa, jirani na kijiji cha Mzizima, katika miaka ya 1860, watu walikunywa maji ya visima. Wajerumani walipoufanya mji huu makao yao makuu mwaka 1891, visima viliendelea kutumika. Lakini maji ya chini ya ardhi ya pwani yana tabia zake. Yakipita polepole katika chokaa na matumbawe ya kale hubeba madini ya kalsiamu na magnesiamu, na hayo ndiyo yanayoyafanya maji yawe magumu. Unasugua shati mpaka mikono inachoka, povu halitoki, na birika likichemshiwa kila siku hufanya ukoko mweupe ndani. Chumvi ni jambo jingine: ukivuta maji mengi mno karibu na ufuko, bahari huingia taratibu kujaza nafasi. Mama zetu wa Kariakoo hawakuhitaji maabara. Walionja kwa ncha ya ulimi, wakajaribu sabuni, wakasema haya ya kufulia, haya ya kunywa, haya ya kumwaga.

Kwa hiyo kadiri mji ulivyokua, uliyakimbia maji yake wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili yalivutwa maji ya mto Kizinga kutoka Mtoni. Mwaka 1959 ukaja mtambo wa Ruvu Juu, kule Mlandizi, na mwaka 1976 Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Maji ya mto huo, unaotoka milima ya Uluguru, hayakai muda mrefu ndani ya mawe, na hivyo sabuni huyapenda. Tope lake huzamishwa kwa shabu, kisha hutiwa klorini. Hata Soko Kuu la Kariakoo, lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliezekwa kwa miavuli ya zege iliyopinduliwa ili maji ya mvua yakusanywe. Hakuna maji laini kuliko ya mvua. Kila nipitapo pale hujiuliza kwa nini hatukujenga mapaa mengi ya namna ile.

Basi ukafika ukame wa mwaka 1997. Ruvu ilipungua, mabomba yakatoa upepo, na visima vya dharura vikachimbwa mjini. Mwaka huohuo kipindupindu kikaingia. Mimi nilikuwa kiranja wa usafi. Majirani wawili walikubali tuchote kwao. Mmoja alikuwa na kisima kirefu chenye pampu, maji yake magumu na ya chumvichumvi. Wa pili alikuwa na kisima kifupi cha kamba na ndoo, maji yake maangavu na matamu. Nilionja yote mawili mbele ya wenzangu, kama mama alivyonifundisha, nikaamuru ya kunywa yachotwe kwenye kisima cha kamba. Choo cha shimo kilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Nilikiona, wala sikukifikiria.

Wanne waliugua. Wote walipona, nashukuru, ila mmoja alikosa mitihani ya nusu mwaka. Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameyasifu maji yale. Chuo Kikuu ndiko nilikoelewa kwamba ugumu wa maji huharibu birika na kumaliza sabuni tu, haumdhuru mnywaji, na kwamba kinacholaza watu kitandani hakina ladha. Kile kisima kirefu tulichokitemea mate ndicho kilichokuwa na nafuu.

Mitambo ya Ruvu imekwisha kupanuliwa, Ruvu Chini hadi lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu hadi milioni 196. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2022 mto ulipungua tena, mgawo ukarudi, na visima vya Kigamboni vikaanza kutumika kuusaidia mji. Wiki zile, ofisini kwetu Posta, mhudumu alileta dumu la maji ya kisima akanihakikishia, "Mzee, haya matamu kabisa." Nilimshukuru, nikamwomba ayachemshe kwanza.

Yule mwenzetu aliyekosa mitihani huja kila mkutano wetu. Mwaka jana nilimweleza nani alichagua kisima kile. Alicheka sana, akasema alikuwa akijua siku zote, kisha akaniagiza chai.