Nenosiri Lilipoacha Kutosha

Nenosiri na barua pepe vilikulia kwenye mashine moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chuo cha MIT huko Marekani kilikuwa na mfumo ulioitwa CTSS, ambao watu wengi waliutumia kwa pamoja. Fernando Corbató na wenzake wakampa kila mtu neno lake la siri ili faili zake zisiguswe na wengine. Mwaka 1965 Tom Van Vleck na Noel Morris wakaandika humo amri ya MAIL: unamwachia mwenzako ujumbe, anaukuta akiingia.

Siri zenyewe hazikukaa. Mwaka 1962 mwanafunzi Allan Scherr, aliyetaka muda mwingi wa kompyuta kuliko aliogawiwa, aliagiza mashine imchapie faili la maneno yote ya siri. Ikamchapia. Mwaka 1966 faili hilo likabadilishana nafasi na tangazo la siku, na kila aliyeingia akaonyeshwa siri za wenzake. Nawakumbuka hao kila ninaposikia kwamba zamani mambo yalikuwa salama.

Mimi husoma barua pepe kwa Mutt, programu iliyoanzishwa na Michael Elkins mwaka 1995. Haina picha wala vitufe. Ni maandishi matupu, unaiendesha kwa herufi za kibodi. Kwa miaka mingi ilihitaji vitu vitatu tu: anwani ya seva, jina na nenosiri. Ukiwa navyo, hakuna aliyekuuliza unatumia programu gani.

Tarehe 30 Mei 2022 Google ilianza kukataa programu zinazoingia kwenye akaunti za watu binafsi kwa jina na nenosiri peke yake. Zikabaki njia mbili. Moja ni OAuth 2.0, utaratibu uliochapishwa mwaka 2012: unaridhia kwenye kivinjari, kisha programu inapewa tokeni yenye muda mfupi. Nenosiri lako haliioni kamwe, na hilo ni jambo jema. Lakini sasa programu yenyewe lazima ijulikane kwa mwenye seva, iwe na kitambulisho alichokitoa yeye. Mutt huja na skripti ya kusaidia, kitambulisho unajitafutia. Basi mtu anayetaka tu kusoma barua zake anajisajili kama mtengenezaji wa programu ambayo hakuiandika! Na programu iliyozaliwa ili isihitaji dirisha inamsubiri mlangoni kivinjari aje kuibishia hodi.

Njia ya pili ndiyo niliyoichagua: nywila ya programu, herufi 16, inayotolewa baada ya kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Nimeifunga kwa GnuPG, na Mutt huifungua ninapoingia. Kompyuta ikiibwa, naifuta hiyo moja na ile kuu inabaki. Mlango huu wa pembeni umeachwa wazi kwa hisani ya mwenye nyumba, naye hajasema utakaa wazi mpaka lini.