Chuo Kikuu Kinapotaka Kituo cha Utafiti wa Kilimo Garissa: Ardhi, Maji na Fedha

Kujenga kituo cha utafiti wa kilimo chini ya chuo kikuu si sawa na kujenga madarasa. Darasa likishaezekwa na kuwekwa madawati, kazi kubwa imekwisha. Kituo cha utafiti kina shamba, mifugo, maabara, pampu na wafanyakazi wasiokwenda likizo wanafunzi wakienda likizo. Ngamia hula siku ya Idi kama siku nyingine, na friji ya sampuli haijui mwisho wa muhula.

Kwa sababu hiyo, mradi wa aina hii hupangwa kwa namna yake. Makala hii inaeleza hatua zinazopitiwa, sheria zinazohusika na mahali fedha zinapotoka, tukiichukua Garissa na Kaskazini Mashariki kuwa mfano.

Yatuhusu nini sisi wa Pwani?

Yatuhusu kwa mambo mawili: mto na mifugo.

Mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini, hupita Garissa kwanza, kisha Bura, Hola na Garsen, hadi kumwaga maji baharini Kipini. Mji wa Garissa uko ng'ambo moja. Ukivuka daraja uko Madogo, na Madogo ni Kaunti ya Tana River. Maji yakichotwa juu, mkulima wa maembe na mpunga aliye chini huyahesabu.

Pili ni nyama. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki, na wanyama wanaotoka huko hufika hadi machinjio ya Pwani. Mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa. Ugonjwa huo huenezwa na mbu, huharibu mimba za mifugo na huua watu. Haukukaa huko, uliteremka hadi Tana River na Kilifi. Sampuli za kwanza zilithibitishwa Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 350 kutoka Garissa. Masoko yalifungwa, na wafugaji na wachinjaji wakakaa bila kazi. Maabara iliyo karibu haizuii mbu kuuma, lakini hupunguza siku za kusubiri jibu, na katika ugonjwa kama huo siku ndizo zenye thamani.

Chuo kilichopo

Chuo Kikuu cha Garissa kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha walimu. Tarehe 2 Aprili 2015 kilishambuliwa na magaidi wa al-Shabaab, watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Kilifungwa, kikafunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Historia hiyo ina maana katika mipango. Gharama ya usalama, yaani ukuta, taa, walinzi na makazi ya wafanyakazi ndani ya ua, huingia kwenye hesabu tangu mwanzo. Mtafiti mgeni na mfadhili wake huuliza habari ya ulinzi kabla ya kuuliza habari ya udongo.

Serikali nayo ina shirika lake la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na lina kituo chake Garissa. Kwa hiyo chuo chochote kitakachotaka kituo kitaulizwa swali la haki: kitafanya nini ambacho hakifanywi tayari? Jibu zuri ni kufundisha vijana wa eneo hilo kufanya utafiti wenyewe, na kuchunguza mambo yanayohitaji miaka mingi. Jibu baya ni kujenga maabara ya pili iliyo sawa na ya kwanza.

Utafiti wa nini?

Hili ndilo swali la kwanza, na mara nyingi huachwa mwisho. Garissa hupata mvua ya takriban milimita 300 hivi kwa mwaka, na si kila mwaka. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na nchini Kenya zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa. Sehemu kubwa ya watu wa Garissa, Wajir na Mandera huishi kwa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mashamba ya kunyunyizia maji yako ukingoni mwa Tana, na Mandera ukingoni mwa mto Daua. Wajir hutegemea visima.

Kituo kikijengwa kando ya mto na kufanya utafiti wa nyanya na vitunguu pekee, kitamfaa mwenye shamba la ukingoni. Mfugaji wa Wajir hakitamfaa kitu. Kinachohitajika zaidi ni malisho yanayostahimili ukame, magonjwa ya ngamia, uhifadhi wa maziwa ya ngamia na njia za kupambana na mathenge. Mti huo wa kigeni ulipandwa kwa wingi miaka ya 1980, Bura ikiwemo, ili kupata kuni na kuzuia jangwa. Leo umefunga malisho na njia za maji, na mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa magugu hatari. Ni kumbukumbu kwamba jaribio lisilofuatiliwa kwa miaka linaweza kuwa msiba kwa wajukuu.

Tena si kila utafiti wenye faida huhitaji jengo kubwa. Bima ya mifugo inayopima ukavu wa malisho kwa picha za setilaiti ilianza Marsabit mwaka 2010 chini ya taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI. Mwaka 2015 serikali ikaichukua na kuianzisha Wajir na Turkana. Kilichohitajika zaidi kilikuwa takwimu, wataalamu na wafugaji waliokubali kuzungumza nao.

Ardhi

Egerton ilianza mwaka 1939 kwa shamba lililotolewa na mlowezi huko Njoro. Chuo cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kilianza kwa hekta 200 zilizotolewa mwaka 1977 na Rais Kenyatta. Pwani University hapa Kilifi ilirithi ardhi ya Taasisi ya Kilimo ya Kilifi mwaka 2007. Katika mifano yote mitatu, ardhi ilikuwepo kabla ya ramani ya jengo.

Garissa ni tofauti. Nje ya mji, sehemu kubwa ni ardhi ya jumuiya ambayo haijasajiliwa. Chini ya Katiba na Sheria ya Ardhi ya Jumuiya ya 2016, kaunti huishika kama amana tu. Haina ruhusa ya kuiuza wala kuigawa. Jumuiya ikishasajiliwa, kutoa ardhi huhitaji ridhaa ya angalau theluthi mbili ya wanajumuiya watu wazima. Barua ya chifu haitoshi, wala ahadi ya kwenye jukwaa.

Ardhi inayoonekana tupu wakati wa kiangazi huenda ikawa njia ya ngamia kwenda kunywa maji. Ukizungusha ua hapo bila makubaliano, umeanzisha ugomvi kabla ya kuanzisha utafiti. Sisi wa Tana River tunaujua ugomvi wa mkulima na mfugaji kuhusu kufika mtoni. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 ulimwaga damu nyingi.

Maji

Mto Tana una mafunzo mawili ambayo kila mpangaji anapaswa kuyasoma.

La kwanza ni Hola. Skimu hiyo ilianza mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, kwa nguvu za wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1989 mto ulibadilisha mkondo, pampu zikabaki pakavu, na skimu ikasimama kwa miaka.

La pili ni Bura. Mradi huo ulipangwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, uwe wa hekta 6,700. Zilizotekelezwa hazikufika nusu. Gharama ilipanda kupita makadirio, udongo ulikutwa na chumvi, na maji yalitegemea pampu za dizeli za Nanigi. Pampu zilipochoka na fedha za mafuta zilipopungua, pamba ilikauka na familia zilizohamishiwa huko zikabaki na umaskini. Ndiyo maana baadaye serikali ilianza kuchimba mfereji wa kuleta maji kwa mtiririko, bila kutumia pampu.

Kwa kituo cha chuo, mafunzo hayo yana maana hii: pima udongo kabla ya kuchora, usiweke pampu mahali ambapo mto hauna makazi, na usitegemee dizeli. Garissa jua halikosi. Mtambo mkubwa wa umeme wa jua wa megawati 50 hivi ulizinduliwa huko mwaka 2019. Upande wa pili ni mafuriko. Mabwawa ya juu, Masinga na wenzake, yakifurika, Garissa huzama, kama ilivyokuwa 2018, 2023 na 2024. Maabara hujengwa mwinukoni, hata kama shamba liko bondeni. Kuchota maji mtoni huhitaji kibali chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na mradi wenyewe huhitaji leseni ya mazingira kutoka NEMA.

Fedha za kujenga

Katiba imegawa kazi. Vyuo vikuu na taasisi za utafiti ni jukumu la serikali kuu. Kilimo mashinani ni jukumu la kaunti. Kituo cha utafiti wa kilimo cha chuo kimekaa mpakani, na mpakani ndipo mambo hukwama. Njia zilizopo ni hizi:

- Bajeti ya serikali kuu. Chuo hupeleka ombi la mradi kupitia Wizara ya Elimu. Ndiyo njia ya kawaida, na ndiyo inayochelewa. Mradi hutengewa fedha kidogo kidogo, na usipopata mgao mkandarasi huondoka.
- Hazina ya Taifa ya Utafiti. Iliundwa na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, inayotaja asilimia 2 ya pato la taifa. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa.
- Wafadhili na mikopo ya nje. Hutoa fedha nyingi kwa pamoja, lakini kwa muda maalumu na kwa mambo waliyoyachagua wao.
- Kaunti. Inaweza kushirikiana katika mbegu, chanjo na maafisa wa ugani, ambayo ni kazi yake.

Wengi hutaja Mfuko wa Usawazishaji. Kifungu cha 204 cha Katiba kinauweka kwa huduma za kimsingi kama maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Garissa, Wajir na Mandera zilitajwa kuwa maeneo hayo, pamoja na Tana River, Lamu, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Mfuko huo unaweza kufikisha barabara karibu na kituo, lakini maabara si kazi yake.

Fedha za kuendesha

Hapa ndipo vituo hufa. Wahenga walisema mipango si matumizi. Karo ya wanafunzi haiwezi kubeba maabara, na tangu 2023 ruzuku ya serikali imefungwa kwa mwanafunzi mmoja mmoja, si kwa vifaa. Vyuo vingi vya umma tayari vina madeni makubwa.

JKUAT ilifaulu kwa sababu Japani haikujenga ikaondoka. Ilikaa takriban miaka 20, ikileta vifaa na wataalamu na kuwasomesha Wakenya waliowarithi. Huo ndio mkataba wa kuutafuta: fundi, dawa za maabara na lishe ya mifugo viwe na fungu lao kwa miaka isiyopungua kumi, na chuo kianze kulipa sehemu yake tangu mwaka wa kwanza.

Mlolongo wa hatua

1. Baraza la chuo hupitisha wazo, na chuo huandika dokezo la mradi.
2. Upembuzi yakinifu hufanywa: udongo, maji, ardhi, usalama, gharama ya kujenga na ya kuendesha.
3. Hazina Kuu hukagua mradi kwa Kanuni za Uwekezaji wa Umma za 2022. Mradi usiopita hapa haupaswi kuingia kwenye bajeti.
4. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kabla ya 15 Februari, na makadirio kabla ya 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai.
5. Zabuni hutangazwa kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, na mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.
6. Ujenzi husimamiwa, kituo hukabidhiwa, kisha wafanyakazi huajiriwa. Wenye busara huajiri meneja wa shamba kabla ya jengo kukamilika.

Maswali ya kwenda nayo barazani

Katiba inatupa haki ya kushiriki mambo ya fedha za umma. Siku mradi kama huu utakapoletwa, iwe Garissa, Hola au Lamu, uliza haya: Hati ya ardhi iko wapi, na nani aliridhia? Maji yatachotwa kiasi gani wakati wa kiangazi? Nani atalipa umeme mwaka wa tano? Matokeo yatamfikia vipi mfugaji asiyesoma Kiingereza? Na vijana wangapi wa hapa watafanya kazi humo, mbali na walinzi na wafagiaji?

Mradi wenye majibu ya maswali hayo unastahili kuungwa mkono na Garissa, na sisi tulio chini ya mto pia. Usio nayo urudishwe ukapangwe upya, kabla jiwe la msingi halijawekwa.